Kula Kidogo Kidogo Mbele ya Mama Mkwe

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka hospitali wiki hii akiwa na kovu refu tumboni, na ameambiwa ale kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Ukiyasikia maneno hayo ukiwa bado kitandani mwa hospitali, yanaonekana mepesi. Ugumu wake unaujua ukifika nyumbani, mlango ukafungwa, na sahani ikawekwa mezani.

Mimi nilikatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula kwa sababu ya saratani. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, katikati ya miaka ya tisini, na nilikuwa kijana bado, mchora ramani za barabara katika ofisi moja ya Eagan, karibu na Minneapolis, huko Amerika. Sitaeleza saratani ni nini. Hilo madaktari watakueleza, na watalieleza vizuri kuliko mimi. Nitaeleza habari ya kula, kwa sababu upasuaji niliuvuka salama, lakini kula kulikaribia kunishinda.

Tuliishi Richfield, ghorofa ya pili, fleti ya vyumba viwili. Uwanja wa ndege ulikuwa karibu kiasi kwamba ndege ikipita mazungumzo yanasimama na vijiko vinalia kwenye droo. Mke wangu, Rhobi, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza masomo ya uuguzi. Mama yake alikuja kutoka Tarime kuhudhuria mahafali, akae kidogo, arudi. Nilipougua, safari yake ikaahirishwa. Kwao anaitwa Mama Chacha, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi nilimwita Mama, tena kwa sauti ya chini, na mara nyingi kupitia ukutani.

Hapa lazima nimweleze msomaji asiyetoka kwetu. Katika ukoo wetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono. Hawakai chumba kimoja kama kuna njia nyingine. Na hawaonani wakila. Usidhani ni chuki. Ni namna ya kumwambia mtu kwamba yeye ni mkubwa kwako. Kijijini jambo hili halina taabu, kwa sababu ana mji wake nawe una wako, na katikati kuna shamba la mihogo. Richfield katikati yetu palikuwa na ukuta mwembamba, na tulisikiana hata tukijigeuza kitandani.

Siku zetu zilikwenda hivi. Rhobi aliondoka alfajiri kwenda kazini. Mama aliamka akapika. Chakula kikiiva alikiweka mezani, akakifunika, akagonga ukuta wa chumba changu mara moja, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Ndipo mimi nikatoka. Nikila na kuosha sahani, nilirudi chumbani nikafunga mlango wangu kwa kishindo kidogo ili ajue. Ndipo yeye akatoka. Tulipokezana ile sebule kama walinzi wa zamu, na jioni Rhobi aliporudi kila mmoja wetu alikuwa hajazungumza na mtu tangu asubuhi.

Mama alipika kama anavyopikiwa mwanamume aliyetoka kulima. Ugali mkubwa, samaki mkavu wa karanga, nyama, maharage. Na mimi nilimaliza. Nilifundishwa tangu utotoni kwamba sahani ya mama mkwe hairudi na chakula. Kukiacha ni kumwambia kwamba hajui kupika, au mbaya zaidi, kwamba binti yake alilelewa vibaya. Kwa hiyo nilikaa peke yangu mbele ya ule mlima na kuumaliza, tonge baada ya tonge, nikijua kabisa daktari alisema nini.

Dakika chache baadaye mwili ulianza kunidai. Jasho lilinitoka hata mgongoni. Moyo ulikimbia, mikono ikatetemeka, macho yakaona ukungu. Nilikwenda bafuni nikalala sakafuni, shavu kwenye vigae vya baridi, na kabla ya kutapika nilifungulia bomba la maji ili Mama asisikie. Madaktari wana jina la hali ile. Wewe jua tu kwamba mfuko mdogo ukijazwa haraka, chakula kinapita chini kabla ya wakati wake na mwili mzima unashtuka. Ukila kiasi cha kiganja cha mkono, ukatulia, ukala tena baada ya saa mbili hivi, hali ile haiji, au ikija inakuja kwa upole. Haikuwa siri ngumu. Lakini ningemwambia nani? Mambo ya tumbo na choo hayasemwi kwa mama mkwe. Rhobi alikuwa zamuni daktari aliponieleza, na kumwambia sasa kulikuwa sawa na kumtuma akamwambie mama yake kwamba chakula chake kinaniua.

Mwanzoni watu walikuja. Watanzania wa pande zote za mji, Wakristo kwa Waislamu, walipanda zile ngazi na masufuria yaliyofungwa taulo. Walikaa, waliomba dua, walicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Kisha kila mmoja akarudi kwenye zamu yake, na simu ikanyamaza. Siwalaumu. Maisha ya huku ndivyo yalivyo, na mgonjwa wa miezi mingi anachosha hata wanaompenda. Nasema tu ili nawe yakikukuta usidhani umekosea mahali. Nilikuwa nalala nikitazama mti mmoja nje ya dirisha, ukigeuka manjano kuanzia juu, na upande wa pili wa ukuta Mama alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa lugha yetu, polepole, akirudia ubeti uleule. Wakati mwingine nilitaka kuitikia. Sikuitikia.

Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani nilipata mti ukiwa bado kijani. Ya pili, ukiwa nusu kwa nusu. Kila mara kabla ya dripu unapimwa uzito, na mara zote mbili muuguzi alisogeza kile kichuma cha mizani kushoto, akakisogeza tena kushoto, akaniangalia.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwembamba, aliyependa kukaa kabla ya kusema jambo baya. Alikaa.

"Unakula?" aliuliza.

"Nakula," nikasema.

"Anakula sana," Rhobi akadakia. "Mama yangu anampikia. Sahani zinarudi nyeupe."

Daktari akatazama tena karatasi ya uzito. Akasema mtu anayekula vile hapungui vile. Akasema labda ugonjwa umerudi mahali fulani. Kama uzito utakuwa umeshuka tena kufikia dripu ya tatu, wangesimamisha dawa, wanifungue tena tumbo waangalie. Dripu ya tatu ilikuwa kabla tu ya ile sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga, mwishoni mwa Novemba.

Ndani ya gari Rhobi hakuwasha injini. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Marwa, niambie ukweli. Unamwaga chakula?"

"Simwagi."

"Apa."

"Naapa. Nakula chote."

"Basi kinakwenda wapi?" Akaanza kulia, naye si mtu wa kulia. "Kama umeamua kunifia, niambie. Usiniache nikibadilisha mashuka ya wagonjwa wa watu wengine huku wangu ananitoroka taratibu."

Nilitaka kumwambia. Lakini nilimtazama, viatu vyeupe vya kazini bado miguuni, macho mekundu ya usingizi, nikaona nikisema neno moja atarudi nyumbani agombane na mama yake kwa ajili yangu. Nikasema, "Labda ni dawa." Akawasha injini.

Ilikuwa siku chache baadaye, mchana. Samaki na ugali. Nilimaliza, nikainuka kwenda kuosha sahani, na pale kwenye sinki nikaporomoka. Sahani ikapasuka. Nikajikuta nimekaa sakafuni, nimeegemea kabati, jasho linadondoka kwenye kidevu.

Mlango wa Mama ukafunguka. Nikasikia ndara zake zikija, zikasimama. Alipofika jikoni alikuwa anatembea kinyumenyume, amenipa mgongo, khanga ameivuta hadi usoni.

"Mkwe."

"Mama."

"Umeanguka?"

"Nimekaa tu chini, Mama."

"Watu wanakaa chini hadi sahani inavunjika?"

Nikanyoosha mkono niokote kipande cha sahani.

"Nageuka," akasema.

"Usigeuke, Mama! Nimevaa nguo za kulalia."

Akafungua khanga yake ya juu, akaitupa nyuma bila kutazama. Ikaniangukia kichwani. "Jifunike. Ukimaliza sema."

Nikajifunika hadi shingoni. Nikasema. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake tukatazamana uso kwa uso. Nadhani nilimtisha, maana alishika ukingo wa meza.

"Wamekukata nini?" aliuliza. "Rhobi aliniambia upasuaji. Hakuniambia wa nini, nami sikuweza kuuliza."

Nikamwonyesha ngumi yangu. "Mfuko wa chakula, Mama. Umebaki hivi. Pengine chini ya hivi."

Aliitazama ile ngumi muda mrefu. Akatazama sufuria kwenye jiko.

"Nami nakulisha kama ng'ombe wa plau."

"Chakula ni kitamu, Mama."

"Nyamaza. Na wewe unamaliza?"

"Sahani ya mama mkwe hairudi na chakula."

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri," akasema. "Sasa ataniachia maiti." Akachukua ufagio akaanza kufagia vigae vya sahani, na nilipotaka kuinuka nimsaidie akaupiga ufagio sakafuni. "Kaa hapohapo, wewe mtu mwenye adabu."

Jioni ile alimwita Rhobi chumbani kwake. Sikusikia maneno, nilisikia tu sauti ya mke wangu ikipanda na kushuka. Rhobi alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Hakunigombeza. Alinishika mguu juu ya blanketi, akasema, "Nyinyi wawili." Basi.

Kutambua kosa hakukuniongezea uzito. Mama hakujua kupika kidogo, mimi sikujua nile nini, na siku zilikuwa zinakwenda. Aliyetuonyesha njia ni Wambui, jirani yetu Mkenya wa ghorofa ya chini, ambaye alikuwa akitunza wazee katika nyumba ya wazee huko Eagan. Jumamosi alipanda na mfuko wa matofaa kutoka soko la wakulima la Saint Paul na boga kubwa amelibeba kiunoni kama mtoto.

"Huko kazini kwangu msimu huu majani yakianguka tunakaa na wazee tunatengeneza snacks," alisema. "Vitu soft, vidogo vidogo. Wengine hawana meno, wengine tumbo ni kama la Marwa. Wanakula sababu wametengeneza wenyewe. Sasa Marwa atengeneze na shosho hapa, mama ya Rhobi."

Rhobi akamweleza kwamba haiwezekani, na kwa nini. Wambui alicheka mpaka akakaa. "Ai! Na hakuna faini mtu hulipa hiyo kitu iishe?"

Ilikuwepo. Katika ukoo wa mke wangu, mkwe akitaka ruhusa ya kula mbele ya mama mkwe, anatoa mbuzi. Kwa hiyo mashauri yakafanyika palepale: mimi chumbani mwangu, Mama chumbani mwake, Rhobi katikati ya korido kama mshenga, Wambui jikoni.

"Mama anasema kuna mbuzi," Rhobi akaniambia mlangoni.

"Mwambie mbuzi wapo Tarime kwa kaka yangu. Achague."

Akaenda, akarudi. "Anasema mbuzi wa Tarime hawezi kufungua mlango wa Richfield."

"Basi anataka nini?"

"Si kuna pumpkin hapa?" Wambui akapaza sauti. "Hii ni kubwa kushinda mbuzi ya kwetu Nyeri!"

Ikaja sauti ya Mama kutoka nyuma ya mlango wake: "Lina miguu?"

Nikajibu mwenyewe, kwa sauti, kupitia kuta mbili: "Halina miguu, Mama, lakini halitoroki."

Nilimsikia akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Rhobi aliegemea ukuta wa korido akacheka pia, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Mlango ukafunguliwa, Mama akatoka, akalipiga boga makofi mawili kama mtu anayekagua mnyama mnadani. "Nimepokea," akasema. "Lakini nimemfungulia mkwe mdomo. Wangu bado umefungwa." Yaani yeye angeniona nikila, ila mimi nisingemwona yeye.

Tukaanza siku ileile.

Ukitaka kutengeneza vitafunwa na mzee, anza na kukaa. Asisimame. Chini ya ubao wa kukatia tandika kitambaa chenye maji ili usiteleze. Hilo alitufundisha Wambui. Mama mikono yake ilitetemeka, na macho hayakuwa mazuri, kwa hiyo kisu nilishika mimi, naye nikampa kazi ambazo haziwezi kuharibika: kuponda, kukoroga, kufinyanga. Lakini usimfanye mtoto. Chumvi aliweka yeye, na hakuna aliyemuuliza kiasi gani.

Boga tulilikata vipande, tukalipika kwa mvuke mpaka kijiko kikazama. Mama alitwanga karanga za kukaanga kwenye bakuli kwa mwisho wa mti wa kusukumia chapati, akachanganya na boga na chumvi, akafinyanga viduara vidogo, kila kimoja kiasi cha kuingia mdomoni mara mbili. Vinakaa kwenye friji siku tatu nne. Tofaa linamenywa, kwa sababu ganda ni gumu kwa mfuko mdogo, linakatwa vipande vyembamba, linawekwa maji kidogo na mdalasini, linaingia kwenye maikrowevu mpaka lilegee. Usitie sukari, sukari inaleta lile jasho. Paka siagi ya karanga juu. Viazi vitamu unavikata duara, unavioka, unaweka kipande cha jibini juu vikiwa bado vya moto. Mayai tuliyapiga na mabaki ya boga na mchicha, tukayamimina kwenye trei ya keki ndogo, yakatoka vikombe vidogo vya manjano ambavyo Mama aliviita vifaranga. Mbegu za boga tulizikaanga kwa ajili ya Rhobi tu. Mimi nilikatazwa, na Mama meno yalikuwa machache.

"Wanaume wote wa Amerika wanamenya hivi?" aliniuliza siku ya kwanza, akiinua ganda la tofaa. "Tofaa lote limebaki huku."

"Najifunza, Mama."

"Jifunze haraka. Ukiharibu, hakuna mbuzi mwingine nyuma ya boga."

Nilikula kimoja mbele yake. Niliinamisha kichwa kwa aibu, naye alitazama dirishani kwa heshima, kisha akatazama mkono wangu kwa pembeni kuhakikisha. Nikasubiri jasho. Halikuja. Saa mbili baadaye akagonga ukuta. Nikatoka, na safari hii hakuingia chumbani kwake.

Sitaki udhani kwamba kuanzia hapo nyumba ilijaa furaha. Tulikuwa watu wawili wenye haya, na tulizungumza machache. Siku nyingi tulimenya na kuponda bila neno, ndege zikipita juu, majani yakipeperuka kwenye maegesho ya magari. Siku nyingine harufu ya mdalasini ilinitia kichefuchefu nikarudi kulala, naye akabaki mezani peke yake na bakuli lake. Nywele zilianza kutoka, nikazikuta kwenye mto. Mikono yangu iligeuka ya mtu nisiyemjua. Mara moja nilimkuta Mama amesimama dirishani anatazama theluji ya kwanza, hakugeuka niliposalimia.

"Huku nimekuwa mgeni mpaka nimechoka," alisema. "Tangu nije, kila mtu ananiambia pumzika, Mama. Pumzika. Mtu anapumzika mpaka lini?"

Sikujua naye alikuwa mpweke nyuma ya ule ukuta. Nilidhani wimbo ni ibada tu. Nikaleta viazi, tukaanza.

Siku ya mizani ilifika. Rhobi hakuruhusiwa kuondoka kazini, hivyo Wambui alitupeleka na gari lake, akatuacha mlangoni akakimbilia zamu. Tulikaa kwenye chumba cha kungojea, mimi na mama mkwe wangu, na kiti kimoja kitupu katikati yetu. Kama umewahi kukaa katika vyumba vile unajua: zulia lisilo na rangi, televisheni ambayo hakuna anayeitazama, watu wenye kofia za sufu wanaokwepa macho. Mama alikuwa na kopo la vitafunwa pajani. Saa yangu ya kula ilifika. Akafungua kifuniko, akanisogezea.

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nawaza kisu, na taa za chumba cha upasuaji, na uso wa Rhobi ndani ya gari.

"Kula."

"Siwezi, Mama. Wacha wanipime kwanza."

"Na wakikupima ukashuka?"

"Basi watanikata."

Mama alitazama mbele, kwenye televisheni, ambako watu walikuwa wanapika kitu kikubwa na kucheka. Kisha akachukua kiduara kimoja cha boga. Akainua mkono. Nikageuza uso haraka kuelekea ukutani, kama ninavyopaswa.

"Mkwe. Usigeuke."

"Mama, haifai."

"Najua haifai. Kwani mimi nimezaliwa jana? Tazama huku."

Nikageuka. Alikuwa anatafuna. Alitafuna polepole, upande wenye meno, huku akinitazama usoni. Akameza. Akasogeza kopo.

Nikachukua kimoja nikala. Naye akala cha pili. Watu wawili wa Tarime, tunatafuna uso kwa uso katika hospitali ya Minneapolis, na hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyejua kilichokuwa kinatokea. Muuguzi alipotokea mlangoni na kulitamka jina langu vibaya, nilikuwa bado na karanga kwenye meno.

Alisogeza kile kichuma kushoto. Kikakataa. Akakirudisha kulia, upande wa kuongezeka, kidogo tu, upana wa ukucha. Daktari alikuja kuangalia mwenyewe. Safari ile hakukaa. Alisema, "Twende na dripu."

Zilikuwepo dripu nyingine baada ya hapo, na baridi kali iliyopasua midomo, na wiki ambazo nilitamani kuacha. Sitakuficha. Lakini hawakunifungua tena. Theluji ilipoyeyuka Mama alirudi kwake, na kwenye uwanja wa ndege hatukupeana mikono, ila alinipa kopo. Mimi nilirudi ofisini nusu siku. Rhobi aliendelea na zamu zake. Na ikawa nakula mara sita kwa siku, karibu zote peke yangu, kwenye meza ya viti vinne, nikisikiliza friji. Huo ndio ugumu ambao hakuna aliyenionya. Ugonjwa ukiondoka watu wanakuhesabu mzima, lakini wewe bado una tumbo la ngumi, na hakuna mtu wa kukugongea ukuta.

Kama una mzee jirani yako, kwenye jengo lenu, kanisani, msikitini, mgongee mlango. Mpelekee boga na mti wa kusukumia chapati. Huenda na yeye ameambiwa apumzike.

Majani yalipoanza tena kugeuka manjano, asubuhi moja simu ililia. Ilikuwa ya mbali. Unaijua kwa ule mlio wa bahari ndani yake. Mama alikuwa kwenye duka moja mjini Tarime lenye simu, na nyuma yake nilisikia watu wakinunua sabuni.

"Mkwe. Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Nani amekuona?"

Nikatazama viti vitatu vitupu. "Hakuna, Mama. Rhobi yuko kazini."

Nikamsikia akimwambia mwenye duka angoje, hajamaliza. Kisha akarudi. "Basi kata kingine. Weka simu karibu."

Nikachukua kipande cha tofaa, nikakiuma, nikatafuna na simu ikiwa kwenye shavu. Upande wa pili alikuwa kimya, anasikiliza. Kisha nami nikaanza kusikia, kwa mbali, mtu anatafuna.